Robert Smalls: mtumwa aliyetoroka na meli akawa mbunge, ubunge wake uliishaje?

Wakuu habari za saa hizi. Jana nimesoma kuhusu Robert Smalls wa South Carolina, mtumwa aliyeondoka na meli ya jeshi la Kusini (majimbo ya watumwa yaliyojitenga, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani) pale Charleston alfajiri ya Mei 13, 1862, familia yake ndani, kavaa kofia ya kapteni, akifika ngomeni anapiga honi ya salamu wanampitisha. Kumbe baadaye akawa mbunge Marekani! Sasa mbona hakudumu, wananchi walimchoka au? Wajuzi naomba kueleweshwa.

JIBU 1
Hawakumchoka kabisa mkuu. Kaingia Kongresi (bunge la Marekani) 1875 kupitia chama cha Republican, na kwao Beaufort weusi walikuwa wengi na walimpenda mno. Shida ni wale wanamgambo wazungu wa mashati mekundu, wafuasi wa chama pinzani cha Democratic, wanakuja mkutanoni na farasi na bunduki, nani atapiga kura kwa amani hapo? 1877 mahakama ikamhukumu kifungo kwa madai ya rushwa ya dola 5,000, gavana akaja kumsamehe 1879, ila uchaguzi wa 1878 kiti kilishaenda kwa Tillman wa Democratic. Uchaguzi wa 1880 Tillman akatangazwa tena, Smalls akaweka pingamizi kule kule Kongresi akashinda, lakini anakabidhiwa kiti Julai 1882, muhula unaishia Machi 1883. Inauma sana.

JIBU 2
Naongezea hapo kwa mdau. 1882 South Carolina wakaleta sheria ya masanduku manane, kila cheo na sanduku lake lenye maandishi ya kusoma mwenyewe, ukitumbukiza karatasi kwenye sanduku silo kura imeharibika. Na hawa ni watu ambao enzi za utumwa kuwafundisha kusoma lilikuwa kosa kisheria! Ukikariri kwamba la tatu kutoka mlangoni ndilo la Kongresi, wanayahamisha. Smalls alirudi bungeni 1884 baada ya mbunge Mackey kufariki, 1886 akaangushwa na Elliott wa Democratic, ndio ikawa mwisho.

MUULIZAJI
Dah, asanteni wakuu. Kwa hiyo akaachana na siasa?

JIBU 1
Wapi! 1895 walipoandika katiba mpya ya kuwanyang'anya weusi kura alikuwemo ukumbini, wajumbe weusi 6 tu kati ya watu 160, akapinga mpaka mwisho na kusaini akagoma. Alifia Beaufort 1915, kwenye nyumba ya aliyekuwa bwana wake, aliinunua mwenyewe wakati wa vita ilipopigwa mnada kwa deni la kodi. Kibanda alichozaliwa kilikuwa uani hapo hapo.