Tupeane uzoefu: manifodi ya ekzosi kwa gari la zamani, mtumba au mpya?

Mwenye Mada
Wakuu, Corolla yangu ya AE100, injini ya 5A-FE, hugonga tik-tik-tik asubuhi, kisha sauti hufifia injini ikishapata moto. Fundi alipofungua bati la kukinga joto tulikuta ufa mrefu kwenye manifodi, lile bomba linalokusanya moshi unaotoka kwenye injini. Nimeambiwa nichague kati ya kuchomelea, kununua mtumba wa Japani pale Gerezani, Dar, au kununua mpya isiyo na jina la kiwanda. Hiyo mpya ni rahisi kuliko mtumba, na ndiyo maana ninaiogopa.

Mkongwe wa Gereji
Chukua mtumba, lakini nenda na rula ya chuma. Ilaze kwenye uso unaokaa kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Ukiona mwanga unapenya chini yake, uso umepinda, na usiposawazishwa kwa mashine gasketi mpya ya kuziba maungio haitadumu.

Mama Spea
Naafiki kuhusu rula.

Mchomeleaji
Mbona mnaikwepa welding? Yangu niliichomelea mwaka 2019 na haijapasuka hadi leo.

Mkongwe wa Gereji
Ndugu, hiki ni chuma cha kusubu. Kisipopashwa moto kwanza, kikachomwa kwa vijiti vya nikeli na kuachwa kipoe polepole, kitapasuka tena kando ya mshono. Ni mafundi wangapi wa mtaani wana subira hiyo?

Mchomeleaji
Wangu anayo. Usiwatukane wote.

Hilux ya 22R
Mnabishana juu ya sauti, mimi nililetewa maafa. Nilijua manifodi ina ufa, nikasema nitabadilisha mwisho wa mwezi. Tulipanda mlima Kitonga mvua ikinyesha, vioo vimefungwa, injini ikivuta kwa nguvu zote. Mke wangu alilalamika kichwa kinamuuma, nikadhani ni kona. Mtoto akatapika, kisha akalegea kama mwenye usingizi, akawa haitiki ninapomwita. Nilisimama, nikafungua milango yote, tukambeba nje kwenye mvua. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Moshi ulikuwa unapenya kwenye matundu ya ukuta wa injini.

Mama Spea
Mungu wangu! Mtoto anaendeleaje?

Hilux ya 22R
Ni mzima, dada. Hospitali walimwekea oksijeni.

Jirani Mwema
Mngempa maziwa, huondoa sumu.

Mama Spea
Maziwa huenda tumboni, kaka, na sumu hiyo imo kwenye damu. Dawa ni hewa safi na hospitali.

Abiria
Uza gari ununue baiskeli, haina manifodi.

Mwenye Mada
Pole sana, ndugu wa Hilux. Hatimaye ulinunua ipi?

Hilux ya 22R
Mtumba. Kabla ya kulipa nililinganisha na gasketi ya zamani, tundu kwa tundu, muuzaji akanuna. Kilichonigharimu hasa ni stadi mbili, zile boliti za kufungia manifodi, zilizokatikia kwenye hedi. Kuzitoa kulizidi bei ya manifodi.

Mkongwe wa Gereji
Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla ya kufungua. Wakati wa kufunga, anza nati za katikati kuelekea pembeni, kisha uzikaze tena baada ya safari chache.

Mwenye Mada
Mafuta nimeshanunua, naanza kunyunyiza jioni hii. Hadi Jumamosi, vioo vyote vitakuwa wazi.