Tupeane uzoefu: umetoaje gundi kwenye rangi ya gari bila kuiharibu?

Mzigua wa Handeni

Habari za jioni wakuu.

Jumamosi iliyopita nilitoa gari langu, IST nyeusi ya 2005, limbebe bibi harusi, binti wa shangazi yangu. Watu wa mapambo wakabandika maua na utepe kwenye boneti na milango yote kwa selotepu ya pande mbili, ile nene yenye sponji. Harusi imekwisha, maua yamebanduliwa, gundi imebaki. Nikasafiri kikazi, gari likashinda juani siku tatu. Niliporudi, kila palipokuwa na ua pana kiraka cha ukubwa wa kiberiti, cheusi kwa vumbi, ukikigusa kinavuta kidole.

Nikalipeleka kuoshwa. Nikiwa nalipia maji ya kunywa dukani, kijana akachukua stilwaya ya kusugulia masufuria na kuanza na mlango wa nyuma kushoto. Gundi ilitoka kweli. Ila jua likipiga kwa pembeni unaona duara la mikwaruzo kama utando wa buibui. Roho iliniuma sana, gari hili nimelilipia miaka miwili.

Vimebaki viraka 11. Sitagusa hata kimoja kabla ya kusikia kutoka kwenu. Mwenye uzoefu aseme alitumia nini na ilikuwaje. Hata aliyeharibu aseme, huyo ndiye atakayetusaidia zaidi.

Dereva Noah

Pole mkuu. Mimi ni mafuta ya taa miaka yote. Fulana kuukuu, unailowesha kidogo, unafuta, unaosha kwa sabuni. Noah yangu nyeupe haijapata shida yoyote.

Mama Wawili

Pole sana kaka yangu. Mimi wanangu walibandika stika za katuni kwenye buti, wamezipanga mstari kuanzia taa hadi taa, nikaziona baada ya mwezi. Makaratasi yalichanika, gundi ikabaki na weupe wa karatasi juu yake.

Niliosha kwanza vumbi lote. Nikachukua pamba, nikaichovya kwenye mafuta ya nazi, nikailaza juu ya kila gundi na kuiacha pale. Gari lilikuwa kivulini. Nikaenda kumenya viazi. Baada ya kama robo saa nilirudi, nikasukuma kwa kidole gumba: gundi ikajikunja yenyewe vipande vidogo kama unga wa chapati unaposugua mikono. Sikutumia kucha wala kisu. Sehemu mbili zilikataa, nikarudia pamba. Halafu sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, maana mafuta ukiyaacha yanakusanya vumbi upya.

Yalinichukua asubuhi nzima. Lakini ukiangalia buti leo huwezi kujua kulikuwa na kitu.

Fundi Rangi Keko

Wakuu, mimi hii ndiyo kazi yangu, nilianza nikiwa msaidizi wa kupiga msasa. Kuna jambo watu wanaliruka. Kabla ya kuuliza dawa ya gundi, jua kwanza gari lako lina rangi gani. Simaanishi nyeusi au nyeupe. Namaanisha ya kiwandani au ya mtaani.

Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye tanuri, na kwa magari mengi juu yake kuna klia, tabaka la mwisho lisilo na rangi. Klia ndiyo inayong'aa, ndiyo ngao. Unene wake ni kama mikroni 40 hadi 50, mara nyingi unywele mmoja wa kichwani kwako unaushinda. Ni nyembamba hivyo, lakini ni ngumu, mafuta ya taa au spiriti ikipita haraka haiidhuru. Ndiyo maana Dereva Noah hajaona tatizo.

Duko, hiyo rangi ya mtaani, ni habari nyingine. Duko hukauka kwa thina, yaani kimiminika cha kuyeyushia rangi, kuruka hewani, basi. Ukilirudishia thina linalainika tena, hata kama limepigwa miaka mitano iliyopita. Nililetewa Corolla nyekundu, mwenyewe alikuwa anatoa stika ya kampeni kwa thina. Kitambaa kikawa kinarudi chekundu. Akadhani ni wino wa stika, akaongeza thina, akafuta kwa nguvu zaidi. Alipoona kijivu cha prima, ile rangi ya kwanza ya chini, ndipo akasimama. Tulirudia mlango mzima.

Kupima ni hivi: kitambaa cheupe, tone la dawa unayotaka kutumia, sugua taratibu. Kikibaki cheupe, endelea. Kikichukua rangi, acha hapohapo, rudi kwenye mafuta ya nazi ya Mama Wawili. Na usipime kwenye kifuniko cha tangi kama wengi wanavyoshauri. Kifuniko kinaweza kuwa cha kiwandani na mlango ulishapigwa rangi baada ya ajali ambayo hukuambiwa ulipokuwa unanunua. Pima chini kabisa ya mlango uleule wenye gundi.

Gari lililotoka kupigwa rangi juzi usilipake dawa yoyote. Subiri mwezi.

Wembe ni wa kutumia kwenye kioo tu. Kwenye rangi usiutumie hata ukiwa na mkono mwepesi. Na kioo cha nyuma chenyewe kina zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, wembe ukikata mmoja mstari huo haufanyi kazi tena.

Mzigua, hiyo mikwaruzo ya stilwaya, pitisha ukucha juu yake. Ukucha usiponasa, imeishia kwenye klia, mashine ya polishi itaitoa. Ukinasa, tuonane.

Salalah hadi Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku Oman mwezi wa Novemba, Siku ya Taifa, watu hupamba magari kwa stika kubwa. Ya mwaka ule niliiacha hadi kiangazi. Jua la huku liliikausha ikawa kama ganda la yai. Kila nikivuta kinatoka kipande cha ukubwa wa ukucha.

Aliyeniokoa ni mke wangu na mashine yake ya kukaushia nywele. Unapasha, unahamisha, hukai mahali pamoja. Weka kiganja chako: ikiwa mkono hauvumilii, umezidisha. Stika ikilainika, ianzie pembeni, uikunje ijirudie yenyewe na kuivuta polepole ikilala karibu na bodi. Ukiinua juu kwa haraka inaacha gundi yote nyuma, na kama rangi ilikuwa dhaifu inaondoka nayo.

Likoni Ferry

Mimi nilinunua Hiace iliyokuwa matatu hapa Mombasa, nikataka kuitoa ule mstari wa manjano niifanye ya familia. Ulikuwa wa stika. Joto lilifanya kazi, gundi ikatoka kwa mafuta. Lakini mstari bado niliuona! Nikasugua siku mbili nikidhani ni gundi, mpaka mabega yakauma.

Haikuwa gundi. Rangi iliyofichwa chini ya stika ilibaki mpya, ya pembeni imepauka kwa jua. Pitisha kidole: kama ni laini na hakinati, acha kusugua. Hapo ni kazi ya kung'arisha ile iliyopauka, nayo haisawaziki yote.

Kwa sponji nene kama ya Mzigua: uzi wa kuvulia samaki. Ushike ncha mbili, upitishe nyuma ya sponji kama msumeno. Utakata bila kugusa bodi.

Chini ya Mwembe

Utomvu wa mwembe nao tuutaje. Ukiwa mbichi maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha. Ukikauka, spiriti kwenye pamba, uilaze dakika moja, ufute, usuuze. Niliuacha wiki tatu kwenye boneti. Ulitoka, lakini alama ipo mpaka leo.

Dereva Noah

Fundi umenifungua macho. Mimi niongeze: petroli hapana. Nilifuta lami iliyoruka barabara ilipokuwa inatengenezwa, nikapitiliza hadi kwenye taa ya mbele. Plastiki yake ikapata nyufa ndogo ndogo, usiku mwanga unatawanyika. Na jirani yangu alikuwa anavuta sigara hatua tatu kutoka pale. Nikikumbuka natetemeka.

Mzigua wa Handeni

Wakuu, nimerudi. Nilipima kwanza kama Fundi alivyosema. Boneti: kitambaa cheupe. Mlango wa mbele kulia: kitambaa kikatoka na weusi! Kumbe ulishapigwa rangi, nami sikujua. Hapo ningepaka spiriti ningelia.

Basi boneti na milango mingine nimetumia joto, uzi, kisha spiriti. Mlango ule mmoja nimetumia mafuta ya nazi peke yake, mara tatu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, mtoto wangu akinishikia pamba. Viraka vyote 11 vimetoka, nimeosha, nimepaka nta.

Mikwaruzo ya stilwaya nimepitisha ukucha. Haunasi. Fundi, nakuja Keko Jumatatu na gari.