NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea kwa picha za setilaiti) inashuka kila mahali msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, tatizo ni nini?

Wakuu, nalinganisha picha ya setilaiti ya Sentinel-2 ya Mei 2021 na ya Septemba 2023, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, Kisarawe. NDVI imeshuka hata katikati ya msitu. Nakosea wapi?

Jibu 1
Mkuu, hapo unapima kiangazi. Miti mingi ya pwani hupukutisha majani, kwa hiyo linganisha Julai–Septemba na Julai–Septemba. Usitumie picha moja: chukua zote za msimu, ondoa mawingu pamoja na vivuli vyake, halafu chukua thamani ya katikati kwa kila pikseli (nukta ya picha).

Jibu 2
Kuna kosa jingine, na hili huwanasa wengi. Toleo la uchakataji wa picha za Sentinel-2 namba 04.00, lililoanza Januari 2022, liliongeza 1000 kwenye thamani za bendi (mikanda ya mwanga ambayo setilaiti hupima). NDVI ni bendi 8 (infraredi ya karibu) kutoa bendi 4 (nyekundu), kugawanya kwa jumla yake. Usipoitoa hiyo 1000, tofauti haibadiliki lakini jumla inakua, hivyo NDVI inashuka bila mti kukatwa. Toa 1000 kwanza kwenye picha ya 2023, ndipo ukokotoe.

Jibu 3
Ukataji wa mkaa usiutafute kwa NDVI peke yake. Mvua moja tu, vichaka vimefunika pengo. Ongeza bendi 12 (infraredi ya mawimbi mafupi), ingawa pikseli yake ni ya mita 20; udongo uliobaki wazi huonekana vizuri zaidi. Pia chora mpaka wa hifadhi mapema, maana mikorosho na miembe ya jirani husomeka kama msitu. Kwa miaka ya kabla ya 2015 tumia setilaiti za Landsat, ila pikseli yake ni mita 900 za mraba: nyumba moja chini ya mwembe hutaiona.