Chanjo pana ya mafua ya ndege: tuidai, au tumalize kideri kwanza?

Mfugaji, Wete
Assalaam aleikum. Jana barazani tulibishana hadi adhana ya Isha. Mwenzetu kashikilia kuwa mafua ya ndege ni ya Ulaya na Marekani, hapa kisiwani Pemba hayatuhusu. Mimi nasema yanatuhusu kila kaskazi ikivuma, maana ndipo vitwitwi wanapojaa matopeni wakitokea mbali, na ndege wa majini ndio wabebaji wa asili wa virusi hivi.

Aina ya mafua ya ndege inayosumbua leo, H5N1, ilianzia kwa bata bukini wa Guangdong, China, mwaka 1996. Mwaka uliofuata waliugua watu 18 Hong Kong, 6 wakafa. Tangu 2003 wameugua zaidi ya 900 duniani, karibu nusu yao wamefariki. Mwaka 2024 ikaonekana hata kwa ng'ombe wa maziwa Marekani.

Sasa chanjo. Kinga ya mwili hukimbilia kichwa cha protini iliyo juu ya kirusi, iitwayo hemaglutinini, na kichwa hicho ndicho kinachobadilika upesi. Chini yake pana shina, ambalo halibadiliki sana. Watafiti wanatafuta namna ya kuufundisha mwili ulishike shina hilo, au protini za ndani ya kirusi, ili chanjo moja ikabili aina nyingi. Hiyo ndiyo chanjo pana. Nasema sisi wa visiwani tuidai kuliko wote, kwa sababu hatuna ubavu wa kununua chanjo mpya kila kirusi kinapojigeuza.

Muuza kuku, Darajani
Wa aleikum salaam. Kuku wangu wanakufa kwa kideri, si kwa mafua. Chanjo ya kideri ipo, tone moja tu jichoni, na bado watu hawachanji mpaka waone kuku kapinda shingo. Tunadai ya mbali, ya mkononi hatuitumii!

Mwalimu wa bayolojia, Mkoani
Mimi nina hofu nyingine. Misri ilianza kuchanja kuku 2006, na virusi vikaendelea kuzunguka na kubadilika. Kuku mwenye kinga haba anaweza asionyeshe ugonjwa huku akivitoa kwenye kinyesi. Kuku wakifa, angalau tunajua. Wakinyamaza, mama anayechinja uani hajui anashika nini.

Mama wa mayai, Chake Chake
Na bei je? Mie naanzia hapo.

Mfugaji, Wete
Mwalimu, hoja yako nzito, siipingi. Lakini Misri chanjo hazikulingana vyema na virusi vilivyokuwapo, na kuku wengi wa majumbani hawakufikiwa. Hilo la kwanza ndilo hasa chanjo pana inalolenga. Ufaransa ilianza kuchanja bata Oktoba 2023 huku ikiwapima mara kwa mara, na milipuko ikapungua sana. Kwa hiyo kuchanja bila kupima nami sikutaki. Wanaouza kuku nje huogopa wanunuzi watawakataa wakichanja. Sisi tunanunua kuku wa barafu, hatuuzi ng'ambo, kwa hiyo hofu hiyo si yetu.

Mama, kuhusu bei: Indonesia iligoma kupeleka sampuli za virusi vyake nje, kwa kuwa chanjo ya watu ingetengenezwa kwazo, kisha Indonesia yenyewe iuziwe kwa bei isiyoweza kulipa. Ugomvi ule ndio uliozaa makubaliano ya nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2011, kwamba virusi vikitolewa, na faida zake zigawanywe, chanjo zikiwemo. Nikisema tudai, namaanisha kudai kwa namna hiyo.

Na wewe wa Darajani, chanjo ya kideri ya I-2 ilifaa vijijini kwa sababu inavumilia joto kuliko nyingine nyingi. Ya mafua ya ndege isipovumilia joto vivyo hivyo, vijijini Micheweni haifiki, hata iwe pana vipi. Na mkono utakaochanja mafua ni huu huu wa kideri. Mwalimu, nijibu: baada ya kuchanja, nani atawapima kuku wa majumbani?

Mwalimu wa bayolojia, Mkoani
Daktari wa mifugo, akipitia kwa sheha. Lakini fungu la kupimia litengwe kabla ya la chanjo. Bila hilo, bado napinga.

Muuza kuku, Darajani
Wangu nitawachanja kideri wiki hii. La mafua sijakubali.