Mtoto ana sare na madaftari lakini haendi shule: mfuatiliaji aanzie wapi?

MleziMufindi
Kamwene ndugu zangu. Sisi ni kikundi cha kujitolea katika kijiji kimoja wilayani Mufindi. Tunafuatilia watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi, wengi ni yatima wanaolelewa na bibi zao. Madaftari, sare na viatu tumewapa. Januari wanahudhuria vizuri, ikifika Machi wanaanza kupungua. Mwalimu Mkuu anasema ni utoro, bibi anasema mtoto alikuwa anaumwa, mtoto mwenyewe ananyamaza. Serikali ya kijiji inatutambua. Wenye uzoefu wa kazi hii, mtu aanzie wapi?

MwlMalezi
Kamwene. Anzeni na daftari la mahudhurio kabla ya kununua kitu kingine chochote. Chukueni barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji, Afisa Elimu Kata apewe taarifa, kisha mwombeni Mwalimu Mkuu mkae na mwalimu wa darasa. Msipige picha ukurasa wa daftari, maana una majina ya watoto wengine. Nakilini tu tarehe alizokosa mtoto wenu kwa miezi miwili iliyopita, na mbele ya kila tarehe andikeni ilikuwa siku gani ya wiki.

Mkishaona siku, sababu haiko mbali. Anayekosa siku ile ile ya mnada anauza au anabaki na wadogo zake. Anayekosa wiki nzima mfululizo yuko kwenye kibarua: kwenu huko tazameni viazi, chai na mbao. Kule Mbarali, mpunga ukianza kujaza punje, watoto huwekwa mashambani kuamia ndege. Kwelea kwelea hushambulia zaidi asubuhi na jioni, kwa hiyo mtoto anaingia shambani alfajiri, na akitoka vipindi vimeshapita.

Halafu kuna wanaokosa Jumatatu peke yake. Hao msiwaite watoro kabla hamjaangalia kamba ya nguo. Mtoto ana shati moja na sweta moja, vinafuliwa Jumapili, na kwa ukungu wa Mufindi sweta la sufi halikauki usiku mmoja. Asubuhi anachagua kuvaa nguo mbichi kwenye baridi au kubaki jikoni kwenye moto. Dawa yake ni sare kufuliwa Ijumaa jioni, au kumpatia shati na sweta la pili. Mimi naona sweta la pili lina faida kuliko begi jipya, hasa kuelekea Juni na Julai.

Na tafadhali, vitu msigawe paredi mbele ya shule nzima. Mtoto anayeitwa mbele kwa sababu ni yatima hubaki na jina hilo hadi amalize darasa la saba. Mpeni mlezi nyumbani.

UstawiNjombe
Naongezea pale alipoishia Mwalimu. Kuna watoto ambao tarehe zao za kukosa zinarudi kwa mpangilio, kila mwezi au kila baada ya miezi kadhaa. Mara nyingi hiyo ni kliniki. Mikoa yetu hii, Njombe na Iringa hasa, maambukizi ya VVU yako juu, kwa hiyo mfuatiliaji ajiandae kukutana na jambo hili. Usimuulize mtoto, usimuulize jirani, na usimwambie mwalimu unachohisi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa. Mlezi akikueleza mwenyewe, msaada wako ni mmoja: msindikize aombe kliniki tarehe inayoangukia likizo au Jumamosi, kama kituo kinahudumia siku hiyo. Shuleni ruhusa iandikwe "matibabu", basi.

Jambo la pili ni kipindi ambacho vikundi vingi hulala. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Katikati hapo ndipo wasichana wa kwetu wanapochukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam na mijini kwingine. Anayemchukua si lazima awe mgeni. Anaweza kuwa shangazi, amekuja na nauli na ahadi ya kumsomesha. Mtembeleeni mtoto wiki ile ile ya mtihani na mwendelee hadi Januari. Matokeo yakitoka, fuateni fomu ya kujiunga mapema, mkae na mlezi mpige hesabu ya kilichoorodheshwa. Ada ya sekondari ilifutwa tangu 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini sare, godoro la bweni au chumba cha kupanga bado ni juu ya familia, na hapo ndipo mlezi anapokata tamaa na kumpa shangazi mtoto.

Ameshaondoka? Msifunge safari ya kwenda kumtafuta wenyewe. Nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto, au pigeni 116, simu ya mtoto, ni bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka umri wa chini wa ajira kuwa miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomzuia kusoma. Na msichana aliyekatishwa na ujauzito mlango uko wazi: Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unamruhusu kurudi.

Makaratasi_Mbeya
Angalieni na majina. Yatima aliyeletwa kutoka mjini baada ya msiba mara nyingi amekaribishwa darasani bila uhamisho. Kwa macho yetu anasoma, kwenye PReM, mfumo wa taifa wa kumbukumbu za wanafunzi, bado ni mwanafunzi wa shule ya zamani, na shule ile isipomwachia, huku hawezi kusajiliwa kufanya mtihani. Ulizeni namba yake ya PReM leo, msisubiri darasa la saba.

Pia linganisheni jina la shule na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Bibi anamwandikisha kwa jina la ukoo wa mama, kadi ya kliniki ina jina la baba. Likishaingia kwenye mtihani linamfuata mbele, na kulirekebisha baadaye kunataka viapo na fedha. Asiye na cheti, kusanyeni kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo na barua ya mtendaji, mwende wilayani kwa msajili wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi.

MleziMufindi
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nina mawili. Bibi mmoja yuko TASAF, ule mpango wa ruzuku kwa kaya maskini; je, tumkumbushe sharti la mahudhurio? Na kuna mtoto wa darasa la nne anahudhuria kila siku lakini hajui kusoma.

MwlMalezi
Bibi mkumbusheni kwa upole. Sharti ni mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na akishuka chini ya hapo ruzuku hupunguzwa. Ila msilitumie kama fimbo. Ruzuku ikikatwa, kibarua cha mtoto ndicho kinachoongezeka. Saidieni ruhusa za ugonjwa ziandikwe, zisihesabiwe utoro.

Huyo wa darasa la nne anahitaji msaada wa haraka kuliko wote, kwa sababu mwaka huu ana upimaji wa taifa. Mpeni aya fupi ya kitabu cha darasa la pili, mkiwa naye peke yake. Akikwama kwenye maneno marefu, anahitaji mazoezi ya kusoma kwa sauti tu. Akikwama kwenye silabi kama "nywa", "mbwe" na "ng'o", rudini kwenye silabi mwambatano, dakika ishirini kila jioni, siku nne kwa wiki, na msimamizi awe yule yule. Na kama anabahatisha kwa kutazama picha, mpimeni macho kwanza pale kituo cha afya, mkamwombe mwalimu amhamishie dawati la mbele.