Wakuu, bushi za plastiki zinabana shafti, niongeze plei kiasi gani?

Shafti30: Wakuu, naombeni ushauri, nimekwama. Mashine ya kuchanganyia chakula ina bushi za plastiki, yaani pete ndefu ambazo shafti inazungukia ndani yake: kipenyo cha ndani milimita 30, nje 40, urefu 30. Shafti ni ya chuma kisichoshika kutu, mizunguko 60 kwa dakika, mzigo kama niutoni 600 kwa kila bushi. Plei, yaani nafasi kati ya shafti na shimo la bushi, baada ya kushindilia bushi kwenye tundu la chuma ni milimita 0.10. Inazunguka vizuri, halafu inabana mpaka mota inazima. Nikereze shimo liongezeke kiasi gani?

Mkerezaji: Mzigo hauna shida. 600 ukigawa kwa 30 × 30 ni megapaskali 0.67. Mwendo wa uso wa shafti ni mita 0.094 kwa sekunde. Zidisha shinikizo kwa mwendo, unapata 0.06, kiasi ambacho bushi ya asetali (plastiki ngumu ya kukereza) inakimudu hata ikiwa kavu. Plastiki yako ni ipi? Na inabana baada ya nini?

GrisiSafi: Angalia grisi kwanza. Iwe ya daraja H1, inayoruhusiwa pale inapoweza kugusa chakula kwa bahati mbaya. Grisi ya magari isikaribie hapo kabisa.

Shafti30: Grisi ni H1. Plastiki ni nailoni.

UkutaMwembamba: Basi jibu umelipata. Nailoni 6 hunywa maji; ikishiba hufika karibu asilimia 9 ya uzito wake, inavimba na shimo linafunga. Asetali ikishiba haifiki asilimia 1. Badilisha.

Mkerezaji: Bado hujasema inabana baada ya nini.

Shafti30: Baada ya kuosha. Tunaosha kwa maji ya nyuzi 80 na kuwasha papo hapo, kazi haisubiri. Ikikaa nusu saa inalegea yenyewe. Nimeshakereza bushi nyingine nane kutoka fimbo ile ile ya plastiki, ndiyo maana nauliza plei tu.

PimaKwanza: Hapa nina shaka kama kisa hiki hakijatungwa. Maji huingia na kutoka kwenye nailoni polepole, kwa siku na wiki. Haiwezi kuvimba kwa dakika chache za kuosha na kunywea ndani ya nusu saa. Ama mashine haipo, ama hiyo si nailoni. Tia kipande kwenye maji. Msongamano wa nailoni ni 1.14, wa maji ni 1, lazima kizame.

Shafti30: Mashine ipo, sijatunga kitu. Nimetia kipande sasa hivi. Kinaelea. Muuzaji ndiye aliyeniambia ni nailoni.

Mkerezaji: Kinachoelea yaelekea ni polietilini, na sasa hesabu inakubali. Polietilini hupanuka takribani mara 15 ya chuma. Kutoka nyuzi 25 hadi 80, ukuta wako wa milimita 5 unanenepa 0.055 kila upande, yaani 0.11 kwenye kipenyo. Na kwa kuwa chuma cha nje kinaizuia bushi, upanuzi uliobaki nao unasukumwa ndani. Plei yako ya 0.10 imekwisha.

Shafti30: Kwa hiyo nikipanua zile nane hadi 0.30 zitafaa? Zinaonekana nzuri tu.

PimaKwanza: Kubana kutaisha, lakini umelishwa jina lisilo lake, kwa hiyo hata rangi na kemikali zilizoongezwa humo huzijui. Bushi inayosagika juu ya chakula inahitaji tamko la maandishi la mtengenezaji. Kwa Umoja wa Ulaya ni Kanuni 10/2011, ambayo pia inaweka kikomo cha jumla ya vitu vinavyohamia kwenye chakula: miligramu 10 kwa desimita mraba. Kwa Marekani, asetali kopolimeri (aina mojawapo ya asetali) iko kwenye kanuni 21 CFR 177.2470. Zile nane zisiingie.

UkutaMwembamba: Chukua asetali kopolimeri ya buluu, vipande vyake huonekana upesi kwenye chakula. Ukuta uwe milimita 3, nafasi inayobaki ijazwe na pete ya chuma. Plei 0.20, ipimwe baada ya kushindilia, kwa sababu karibu mkazo wote wa kushindilia huishia kwenye shimo. Mnaosha kwa dawa gani? Kopolimeri huvumilia kostiki (magadi makali ya kuoshea). Klorini kali na asidi kali huila.

Shafti30: Kostiki tu. Lakini mwisho wa mwezi kuna asidi ya kutoa magamba ya chokaa.

UkutaMwembamba: Siku hiyo zitoe bushi kwanza, zioshwe pembeni kwa sabuni.