Likizo ya Novemba, peke yangu: niende wapi?

Kutoka: Dada wa Hannover

Wapendwa, habari za majukumu. Wakubwa shikamooni.

Nimebakiwa na siku tisa za likizo, na msimamizi wa zamu amenitaka nizimalize kabla mwaka haujaisha. Nimepangiwa katikati ya Novemba, yaani wiki tatu kutoka leo. Katika miaka sita niliyokaa Ujerumani, kila likizo yangu imekuwa na mtu ndani yake: ama nimekwenda nyumbani, ama nimepokea mgeni, ama nimekwenda kumsaidia ndugu aliyejifungua. Sijutii hata moja. Ila mara hii nataka kwenda mahali ambapo hakuna anayenisubiri, nilale, niamke, nitembee, nisiulizwe kitu.

Kinachonishinda ni kuchagua. Nina miji mitatu kichwani: Edinburgh kwa ajili ya ile ngome juu ya mwamba, Tromsø kule Norway kwa ajili ya mianga ya kaskazini, ile inayocheza angani usiku, na Lisbon kwa sababu naikumbuka bahari. Kila nikitoka zamu ya usiku nafungua picha, naangalia mpaka usingizi unanichukua, naamka sijaamua.

Nina pasi ya Tanzania. Kibali changu cha ukaazi kinaisha tarehe 10 Novemba, lakini maombi ya kukiongeza nimeshapeleka na nimepewa ile karatasi ya Fiktionsbescheinigung, ya kushikilia wakati maombi yanashughulikiwa. Sijawahi kulala hotelini peke yangu, na nawaambia kweli, naogopa kidogo. Ninyi mnachaguaje?

---

Kutoka: Kaka wa Leeds

Dada, Edinburgh iweke kando kwanza. Mji ni mzuri na nimeupenda kila nilipokwenda, lakini Uingereza haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kibali cha Ujerumani hakikupi ruhusa ya kuingia huku. Kwa pasi yetu utahitaji viza ya matembezi: ujaze maombi kwenye intaneti, ukatoe alama za vidole, kisha usubiri uamuzi ambao kwa kawaida huchukua kama wiki tatu. Wiki tatu ndizo ulizo nazo, kwa hiyo ungekata tiketi huku roho iko juu. Ireland nayo ina viza yake, haimo Schengen wala viza ya Uingereza si viza yake.

Sisi wa upande huu tuna kizuizi hichohicho tukiangalia kwenu. Kibali cha Uingereza hakinifikishi Paris mpaka niombe viza ya Schengen.

Tena katikati ya Novemba jua la Edinburgh linazama saa kumi na dakika chache alasiri. Njoo Juni, viza ukiwa umeishughulikia mapema. Wakati huo karibu saa nne usiku bado utaiona ngome kwa mwanga wa jua.

---

Kutoka: Kaka wa Oslo

Kwa upande wa Tromsø, kibali chako kinafaa, Norway imo Schengen. Mambo mawili tu uyajue.

La kwanza ni mwanga. Wakati huo jua linachungulia saa chache tu mchana, na kuanzia mwishoni mwa Novemba halichomozi kabisa hadi katikati ya Januari. Giza ndilo linaloionyesha ile mianga, lakini mawingu yakitanda huoni kitu, na yanaweza kutanda siku zako zote. Mtu anayekuja na mwenzake wanakaa ndani wanapiga soga. Wewe utakuwa peke yako, unaangalia mawingu.

La pili, watu wetu wengi hawalijui. Ile kadi ya matibabu ya Ulaya, ya bluu, iliyo nyuma ya kadi yako ya bima, kwetu sisi tusio raia wa Umoja wa Ulaya haifanyi kazi Norway, na Denmark pia haifanyi kazi. Ukiteleza kwenye barafu ukavunjika mkono, unalipa. Nunua bima ya safari kabla hujaondoka, na uhakikishe inagharamia pia kukurudisha Ujerumani ukiwa mgonjwa.

---

Kutoka: Dada wa Munich

Mdogo wangu, umeuliza tunachaguaje, na kaka zako wamekujibu vizuri kuhusu miji. Mimi nataka kukujibu kuhusu jioni.

Safari yangu ya kwanza ya peke yangu niliichagua kwa picha, kama unavyofanya wewe. Kijiji kidogo kando ya ziwa, mwezi wa pili, milima ina theluji, maji yametulia kama kioo. Mchana kilikuwa kama kwenye picha kabisa. Saa kumi na moja jioni duka la mwisho likafunga, basi la mwisho likaondoka, taa za barabarani zikawaka juu ya barabara isiyo na mtu. Nikarudi chumbani, nikakaa kitandani bila kuvua koti, nasikiliza bomba za joto zikigongagonga ukutani. Nilikuwa nimelipia siku tano. Siku ya tatu nilifungasha nikarudi nyumbani, na kwa muda mrefu nikaamini kwamba mimi si mtu wa kusafiri peke yangu.

Haikuwa kweli. Nilikosea mahali tu. Mchana popote pana shughuli: kuna cha kuangalia, kuna njia ya kutafuta, kuna tiketi ya kukata. Jioni ndiyo inayokukumbusha kwamba hujaja na mtu. Tangu siku hiyo, kabla sijaangalia chochote kuhusu mji, najiuliza: saa moja jioni nitakuwa wapi, ninafanya nini, na nitarudije chumbani?

Ukijiuliza hivyo, orodha inapungua yenyewe. Angalia jua linazama saa ngapi kwa tarehe zako, siyo za kiangazi. Angalia basi au tramu ya mwisho. Tafuta picha za barabara za mji huo usiku, mvua ikinyesha, maana hizo ndizo utakazoziona. Katika maoni ya wageni ruka sifa, soma malalamiko, hasa ya wanawake waliokwenda peke yao: wanasema kama mlango wa nje unafungwa, kama mapokezi pana mtu usiku, kama kuna kona walilazimika kupita wakikimbia. Na chumba usikichukue nje ya mji eti kwa sababu ni rahisi. Unachookoa kwenye bei utakitoa kwa hofu ya kurudi kila siku.

Lisbon si chaguo baya. Jua huko linazama kama saa kumi na moja na dakika ishirini, na watu hukaa nje hadi usiku. Ila ni mji wa vilima, njia zake za miguu ni za vijiwe vilaini vinavyoteleza vikilowa, na Novemba ni mwezi wa mvua. Bahari utaiona, lakini usitegemee kukaa ufukweni.

Mimi mwezi kama huo nilikwenda Bologna, Italia. Haumo kwenye orodha yako, nisamehe kwa kuuingiza, lakini nadhani ndio unaoutafuta bila kuujua. Mji mzima una baraza. Simaanishi baraza za nyumba moja moja. Ni barabara baada ya barabara, njia ya miguu ikipita chini ya matao yenye nguzo, na ghorofa za juu zikiwa ndiyo paa lako. Ukizipima zote zinafika kilomita 62, na UNESCO iliingiza sehemu zake kadhaa kwenye urithi wa dunia mwaka 2021.

Usiku wangu wa pili mvua ilinyesha kwa hasira. Nilisimama mlangoni pa nilipofikia nikasema basi, jioni imeharibika. Kisha nikaona watu wanapita mbele yangu wakavu. Nikaingia nao. Nilitembea kwa muda wa karibu saa mbili, mvua inamwagika kama pazia upande wangu wa kushoto, na mimi sijalowa hata kiatu. Sakafu chini ya matao ilikuwa inang'aa kwa taa za maduka. Mzee mmoja aliyevuta kigari cha sokoni alikisogeza ukutani nipite. Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye ngazi wanabishana, maana ule ni mji wa chuo kikuu cha zamani sana, na usiku kuna vijana kila kona. Nilikula nimesimama kaunta, mkoba begani. Kulikuwa na wengine watatu waliokuja peke yao kama mimi, na hakuna aliyemuuliza mwenzake yuko na nani. Niliporudi chumbani nilikuwa nimechoka kwa namna nzuri, nikalala mpaka asubuhi.

Ukitaka kupanda, kuna baraza moja inayotoka kwenye lango la Saragozza hadi kanisa la San Luca juu ya kilima, karibu kilomita nne, matao 666. Ikifika siku umechoka na mji, panda treni asubuhi na urudi jioni: Ferrara ni kama nusu saa, Florence kwa treni ya kasi haizidi dakika arobaini kwa hesabu za juujuu, na Ravenna, kwenye zile picha za kale za vijiwe vya rangi, ni kama saa moja na kitu. Kulala mahali pamoja na kutembelea pengine ni nafuu kubwa kwa mtu wa peke yake, hubebi sanduku kila siku. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igonge kwenye mashine kituoni kabla hujapanda, la sivyo utatozwa faini hata kama umelipa.

Kufika ni rahisi. Kuna treni ya moja kwa moja kutoka Munich kupitia Brenner, ile njia ya milimani ya kuingilia Italia, safari ya takriban saa saba, milima yote unaiona dirishani. Lala kwangu usiku mmoja, asubuhi nikusindikize kituoni.

Sasa karatasi zako, hapa naomba usome polepole. Itoe ile Fiktionsbescheinigung uangalie kisanduku gani kimewekwa alama. Kama ni kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi, haki za kibali chako cha zamani zinaendelea, unaweza kutoka na kurudi. Kama ni aya ya 3, usivuke mpaka kabisa, kwa sababu unaweza kutoka kisha ukashindwa kurudi. Aliyeomba kuongeza kibali kabla hakijaisha kwa kawaida hupewa aya ya 4, lakini makosa hutokea. Mimi niliwahi kuwekewa alama pasipo, nikarudi ofisini siku iliyofuata ikarekebishwa. Beba vitu vitatu: pasi, kadi iliyoisha muda, na karatasi yenyewe, siyo picha yake kwenye simu. Ujerumani ilianza kukagua kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na treni ya kurudi husimama askari wakapanda. Mimi walinikuta kituo cha Rosenheim nikiwa nimesinzia. Nikatoa vyote kwa pamoja, wakaangalia, wakashukuru, wakaendelea.

---

Kutoka: Mama wa Antwerp

Wanangu, nimesoma yote.

Binti wa Hannover, nilipoanza nilitaka kukuuliza kwa nini hizo siku usizipeleke nyumbani. Kisha nikakumbuka nilivyoishi miaka yangu ya kwanza huku, kila senti na kila siku ya likizo ina mwenyewe, nami mwenyewe sikuwemo. Sitakuuliza. Nenda.

Naomba mambo mawili. Panda treni ya asubuhi mapema, ufike kungali na mwanga. Mji usioujua ukiingia gizani siku ya kwanza utauogopa siku zote zilizobaki. Na mtu mmoja awe na anwani ya chumba chako na mkubaliane saa ya kuandikiana kila siku. Neno moja linatosha. Siku neno lisipokuja, huyo mtu ajue anampigia nani. Kama huna, niandikie mimi, silali mapema.

---

Kutoka: Dada wa Hannover

Shikamoo mama. Kaka zangu, dada yangu, asanteni sana.

Usiku nilipotoka kazini sikufungua picha. Nilitoa karatasi kwenye faili, nikaiweka chini ya taa ya jikoni. Ni aya ya 4. Nilikaa nayo kama dakika tano kwa furaha. Kisha nikafanya kama dada alivyosema, nikasoma malalamiko tu kuhusu nyumba za wageni za Bologna, moja baada ya jingine, na nyumba mbili nilizozipenda nikaziacha kwa sababu wanawake watatu tofauti wameandika kwamba usiku hakuna mtu mapokezini. Ya tatu ina mlinzi, iko kama dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha treni, na ramani inaonyesha njia nzima iko chini ya matao.

Nimekata tiketi. Dada, nitafika kwako Ijumaa jioni, na Jumamosi napanda treni ya asubuhi. Bima nimenunua, ina kipengele cha kurudishwa. Mama wa Antwerp, nitakuandikia kila siku saa tatu usiku. Kaka wa Leeds, viza ya Juni nitaanza kuiulizia mwezi wa pili.

Leo nimempigia mama yangu kumwambia siendi na mtu. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali moja tu: "Sasa jioni utakuwa unafanya nini, mwanangu?" Nikamwambia huko kuna baraza.